Mezani pa Karani: Aliyesoma Historia Atakula Nini?



Jumatatu ya juma lililopita walifika ofisini kwangu watu watatu: baba, binti yake, na mjomba wa binti. Ninyi wa huku kwetu Lindi mwajua kwamba mjomba akija, shauri si dogo. Baba hulima na kulipa ada, lakini kwa Wamwera na Wamakonde neno juu ya mtoto wa dada halikatwi pasipo mjomba. Niliwapa viti. Viti vya ofisi ya parokia ni viwili, basi binti akakaa juu ya sanduku la mishumaa. Wamenipa ruhusa niandike habari yao, ila majina nisitaje.

Shauri lenyewe ni hili. Binti amemaliza kidato cha sita kwa kombi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Amefaulu vizuri, na katika Historia amepata A. Sasa ni wakati wa kuomba vyuo vikuu, naye ataka kuomba shahada ya Historia. Baba ameuza ufuta mnadani, pesa ipo kidogo. Mjomba akasema: "Karani, mimi sikusoma sana, lakini nauliza. Daktari hutibu, mwanasheria hutetea, fundi hujenga. Mwenye historia hufanya nini? Atatusimulia habari za Vasco da Gama, halafu nani atamlipa?"

Baba alitazama chini. Nilijua sababu. Nyumbani kwao yuko kijana mkubwa, kaka wa huyu binti, mwenye shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa. Huu ni mwaka wa tano tangu amalize, na kutwa yuko stendi na pikipiki anapakia abiria. Hata pikipiki si yake.

Niliwaomba siku chache, warudi Alhamisi. Swali la mjomba si la kujibiwa mtu amesimama mlangoni, tena si lao peke yao. Tangu matokeo yatoke nimeulizwa hivyo hivyo na wazazi wengine baada ya Misa. Basi nimefikiri, nimeuliza waliopita huko, na niliyowajibu Alhamisi nayaandika hapa.

Tuanze na lililo chungu. Kazi ambayo mzazi huifikiria kwanza ni ualimu, na zamani alikuwa na haki. Kijana alimaliza chuo, akapangiwa shule, akapanda lori na godoro lake. Siku hizi sivyo. Shule zetu zina njaa ya walimu wa fizikia, kemia na hesabu, na nafasi zikitangazwa hao ndio hutangulizwa. Walimu wa Historia, Jiografia na Kiswahili ni wengi kuliko nafasi. Mwalimu huomba kwa mtandao, huitwa kwenye usaili, hushindana na wenzake mia. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira walipaza sauti zao nchi nzima, na kila mwenye redio alisikia. Mimi mwenyewe nilitoka chuo cha ualimu na cheti mkononi, nikidhani kufika Januari nitakuwa na chaki. Nilingoja miaka minne. Baba Paroko alinichukua kwa sababu mwandiko wangu wasomeka.

La pili ni jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na kutolijua kumegharimu watu shamba zima la mikorosho. Shahada ya Historia si shahada ya ualimu wa Historia. Ni vitu viwili. Iko shahada ya sanaa pamoja na elimu, ambayo mwanafunzi husoma Historia na somo jingine la kufundishia, na pia hufundishwa namna ya kufundisha, akaenda mazoezi ya darasani. Huyo akimaliza ni mwalimu. Na iko shahada ya Historia peke yake, ambayo akimaliza hahesabiwi kuwa mwalimu hata kama ajua Historia kuliko mkuu wa shule. Akitaka kufundisha baadaye itambidi arudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, huifundisha, nacho kina kituo hapa Lindi mjini, basi njia ipo. Lakini ni ada nyingine na muda mwingine. Namjua kijana mmoja aliyeligundua hilo akiwa mwaka wa tatu. Miaka miwili yote baba yake alikuwa akijisifu kilabuni kwamba mwanawe ni mwalimu mtarajiwa.

Mwenye kupenda kufundisha kweli, achukue ile ya elimu. Kwa Wakatoliki wa Kusini chuo cha karibu ni Stella Maris Mtwara, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 2009, na ualimu ndio kazi yake kubwa. Lindi hadi Mtwara ni kilometa mia na ushee. Mtoto aweza kurudi sikukuu bila kuuza mbuzi. Tena liko jambo jipya: tangu Januari 2024 mtaala wa shule una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo ni la lazima, hufundishwa kwa Kiswahili. Somo la lazima lahitaji walimu. Sisemi kwamba ajira imekuja, nisije nikashtakiwa na kijana wa pikipiki. Nasema tu mlango huo umefunguka kidogo kuliko ulivyokuwa.

Lakini yote hayo ni habari ya ualimu, na mjomba hakuuliza ualimu. Aliuliza mwenye historia hufanya nini. Hilo laweza kujibiwa, na jibu liko hapa hapa mkoani kwetu.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kule Nandete, katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Hilo kila mtoto wa shule alijua. Lakini mpaka miaka ya 1960, mtu aliyetaka kusoma habari za vita hivyo katika kitabu alisoma zaidi maneno ya Wadachi wenyewe, kama kile kitabu cha Gavana von Götzen kilichotoka mwaka 1909. Ni sawa na kesi ambayo hakimu amesikia upande mmoja tu, tena upande wa mwenye bunduki. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ikafanya kazi moja ya akili sana. Iliwatuma wanafunzi wake vijijini, katika nchi za Kusini zilizopigana, wakakae na wazee na kuandika waliyoyaona au waliyoambiwa na baba zao. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo walikuwa John Iliffe, Mwingereza, na Gilbert Gwassa, Mtanzania, ambaye mwaka 1973 alipata shahada ya uzamivu kwa kuandika juu ya vita hivyo. Mwaka 1968 huo huo maneno ya wazee na maandiko ya Kidachi yalipigwa chapa pamoja katika kijitabu kimoja.

Fanyeni hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Wangechelewa miaka kumi na tano tu, wangehoji makaburi. Kwa sababu vijana wale walikwenda na madaftari, leo twajua kwa kinywa cha Wamatumbi habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, habari za Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake, na namna habari ilivyonong'onwa kijiji hata kijiji kabla risasi ya kwanza haijalia. Twajua pia kwamba hesabu ya wafu haikuwa ile ya Serikali ya Kidachi. Wao waliandika 75,000. Gwassa alipopima habari zote aliona ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa iliyofuata. Tofauti hiyo ni ya watu wetu, bibi na babu za wasomaji wa gazeti hili, ambao wasingehesabiwa popote.

Hiyo ndiyo kazi ya aliyesoma historia. Hukumbuka miaka, ndiyo, lakini kuku pia hukumbuka mahali pa mtama. Kazi yake ni kutafuta ushahidi, kumuuliza huyu na yule, kupima nani alikuwepo na nani alisikia tu, kujua mwandishi wa barua alikuwa akimwogopa nani, kisha kuandika jambo kwa namna ambayo mwingine aweza kulikagua.

Hapa nasema neno moja kwa Wakatoliki wenzangu. Kila mwaka twamkumbuka Askofu Kasiani Spiss wa Wabenediktini, aliyeuawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Ni vema kuwakumbuka. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza watu wa Liwale walikuwa wamefanyiwa nini hata wakamwona kila Mzungu njiani kuwa adui? Mtu aliyesoma historia vizuri aweza kulia kwa ajili ya Askofu na kwa ajili ya Waliwale, asiseme uongo kwa upande wowote. Mimi naona hilo ni jambo la Kikristu, ingawa wako watakaonipinga.

Na kazi hiyo haijaisha. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa walionyongwa, akaomba msamaha. Mpaka leo kuna mifupa ya watu wetu katika makabati ya makumbusho ya Ujerumani. Ili mtu aseme huyu ni wa ukoo gani, arudishwe wapi, lazima awepo mwenye kusoma daftari la aliyempeleka, na mwingine wa kuuliza ukoo huku. Vijana wetu wenye kujua Kimwera, Kimatumbi au Kingoni, wakiongeza Kijerumani na elimu ya historia, hawatafutiki kwa urahisi. Narudia: wakiongeza Kijerumani. Shahada tupu haitoshi.

Sasa nije kwenye kazi iliyo karibu na yangu, nayo ndiyo naipendekeza zaidi kuliko watu wanavyotazamia: kutunza kumbukumbu. Kila halmashauri ina masijala, kila hospitali kubwa, kila mahakama. Taifa lina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, yenye sheria yake ya mwaka 2002, na katika hifadhi yake Dar es Salaam kuna majalada tangu enzi za Wadachi. Aliyesoma historia anajua kwa nini jalada halitupwi; kinachompungukia ni ufundi wa kulipanga. Ufundi huo hufundishwa na Chuo cha Utumishi wa Umma, na tawi lake moja liko Mtwara. Shahada ya Historia juu, cheti cha kumbukumbu chini yake: huyo ana mikono miwili.

Msidhani ni kazi ya vumbi tu. Mwaka juzi alikuja mama mmoja mjane. Mume wake alikuwa amefia Dar es Salaam, na ndugu wa mume wakasema hakuwa mke wa ndoa, ati alikuwa hawara tu, hana haki katika mirathi. Cheti chake cha ndoa kiliungua pamoja na nyumba. Alijua tu kwamba walifunga ndoa "mwaka ule wa njaa, Padre mwenye ndevu." Nilifungua vitabu vya ndoa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mchwa walikuwa wamekula kona za kurasa, lakini Mungu ni mwema, hawakula katikati. Ilikuwapo: jina lake, jina la mume, majina ya mashahidi wawili, saini ya Padre. Nikamwandikia dondoo, Baba Paroko akagonga mhuri, mama akaenda nayo mahakamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yaamuru kila parokia iwe na vitabu hivi na vile vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Wengine hudhani ni amri ya kupendeza maaskofu. Mwulizeni yule mama.

Kanisa lina kazi nyingine tena ya historia ambayo wengi hawaijui. Anapotajwa mtu kuwa mtakatifu, askofu lazima ateue wataalamu wa historia na nyaraka, wasiopungua watatu kwa maagizo ya Roma ya mwaka 2007, wakusanye kila barua na kila andiko linalomhusu, mabaya na mazuri. Kesi ya Mwalimu Julius Nyerere, Mtumishi wa Mungu, ilianzia jimbo la Musoma. Na kwa kuwa nimemtaja, nikumbushe kwamba naye alikuwa mtu wa historia. Alisoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952, na katika masomo yake zilikuwamo historia ya Uingereza na historia ya uchumi. Aliporudi alifundisha Historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mpaka mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya darasa na siasa. Mjomba alitabasamu kidogo niliposema hayo. Akasema, "Huyo alikuwa Nyerere, Karani. Huyu wetu ni mtoto wa mkulima." Sikubishana naye.

Kilwa ni habari nyingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini kwa sababu ya mawimbi na kuta kubomoka. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo baada ya kutengenezwa. Siku hizi yasimamiwa na TAWA, na meli za watalii hutia nanga. Mgeni akishuka mashuani akauliza Husuni Kubwa ilijengwa na nani, kuna mwongozaji atakayesema "Washirazi wa zamani," akanyamaza. Na kuna atakayesema ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa miaka ya 1300, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta hapa mwaka 1331. Kwamba tarehe ya masultani hao iliandikwa kwa Kiarabu na nakala yake iko London, British Library. Na kwamba Mreno alipokuja mwaka 1505 aliupora mji uliokuwa na sarafu zake wenyewe. Mgeni atamwita yupi kesho yake? Kazi hii haina mshahara wa mwezi, ina msimu, na mvua za masika huifunga. Lakini yupo anayeishi kwayo.

Tena lipo la aibu kidogo. Aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu kikubwa cha juzuu mbili, kilichotoka mwaka 1974, alikuwa Mwingereza, Neville Chittick. Waliochimbua mijusi mikubwa ya Tendaguru, hapa hapa Lindi, mwaka 1909 hadi 1913, walikuwa mabwana wa Berlin, na mmoja wa mijusi hiyo amesimama huko hata leo. Watu wetu walishika majembe na kubeba mizigo mpaka bandarini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alijua kutambua mfupa kuliko wengi wenye vyeti, lakini vitabu havikuandikwa kwa jina lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha elimu ya mambo ya kale tangu miaka ya 1980, na maprofesa kama Felix Chami wamechimba pwani hii. Basi kijana wa Kilwa aweza leo kuisoma Kilwa bila kungoja mgeni. Binti apendaye historia na asiyeogopa jua aulize pia habari ya kozi hiyo na ile ya kuhifadhi urithi, maana hizo hukaa karibu zaidi na makumbusho na TAWA kuliko historia peke yake.

Kazi nyingine nazipitia upesi. Uandishi wa habari: wenye historia hufaa, maana wamezoea kuuliza na kuhakiki. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alisoma Kiingereza Makerere, si historia, lakini ni shahada ya aina hii hii. Alikuwa bwana shauri, mhariri wa magazeti, balozi, na mwisho Rais. Mambo ya nje: kuna chuo cha diplomasia Kurasini, kilichoanza mwaka 1978 pamoja na Msumbiji, na historia ni msingi mzuri kwake. Sheria: hapa mwangalie. Uingereza mtu wa historia aweza kusoma mafunzo ya nyongeza akaingia uanasheria. Kwetu sivyo, lazima shahada ya sheria kwanza, kisha shule ya sheria kwa vitendo. Ukiambiwa kuna njia ya mkato, shika mfuko wako.

Sasa pesa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo si zawadi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Na bila cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA maombi hayaendi. Kila mwaka wazazi hunijia juma la mwisho na kadi ya ubatizo, wakisema, "Karani, weka mhuri, itatosha." Haitoshi! Kadi ya ubatizo yaonyesha mtoto ni wa Kanisa. Serikali ina karatasi yake. Anzeni mapema, mtoto angali kidato cha tano.

Na gharama kubwa kuliko ada ni kungoja. Hiyo ndiyo niliyomwambia baba waziwazi. Asihesabu miaka mitatu ya chuo, ahesabu mitatu ya chuo na miwili au mitatu ya kutafuta. Kama nyumba haiwezi kungoja hivyo, bora binti asome kwanza cheti kifupi chenye kazi, shahada aifuate baadaye kwa Chuo Huria. Kama nyumba yaweza kungoja, basi aende, lakini asiende kukaa tu. Likizo aziombe masijala ya halmashauri hata bila malipo. Ajifunze kompyuta kweli kweli, si kuchezea simu. Achukue lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza. Kaka yake hakuambiwa hayo na mtu yeyote, nami naona hapo ndipo alipoangushwa, si kwa uvivu wake.

Baada ya maneno mengi namna hii niligundua kwamba binti mwenyewe hatujamwuliza. Watu wazima watatu tumekaa tunagawana maisha yake, yeye yuko juu ya sanduku la mishumaa. Nikamwuliza: "Mwanangu, kwa nini historia?"

Alisitasita, akamtazama mjomba wake, kisha akasema: "Shikamoo mjomba, unisamehe. Nataka kujua kwa nini bibi hasemi mama yake alitoka wapi."

Ofisi ikawa kimya. Bibi huyo, mama yake mama, ndiye mama mzazi wa mjomba. Watu wa pwani hii mwaelewa. Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa katika karne ya 19, misafara ilitoka Nyasa, na utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Katika nyumba nyingi hapa kuna swali ambalo halisemwi mbele ya wageni, wala mbele ya watoto. Mjomba alivaa kofia yake, akasema watafikiri, wakaondoka.

Ijumaa asubuhi, kabla sijafungua dirisha, mjomba alikuwa mlangoni, peke yake. Akaniuliza kama vitabu vya ubatizo vya zamani huandika jina la mama wa aliyebatizwa. Nikamwambia ndiyo, na pengine mahali alipozaliwa, ikiwa Padre alikuwa mtu wa kuuliza. Tulianza na mwaka 1937. Tulimpata mama yake katika kitabu cha 1941, ukurasa wa kushoto, mwandiko mwembamba wa Kilatini. Nilimsomea mstari wote polepole, mara mbili. Yaliyoandikwa ni yake na ya ukoo wake, sitayaweka gazetini.

Alikaa kitambo, kidole chake kikiwa juu ya ule mstari. Kisha akaniuliza fomu ya chuo hujazwa lini. Nikamwambia Jumatatu, kama cheti cha kuzaliwa kimerudi kutoka RITA. Mpaka naandika haya hakijarudi.